Ile Rekodi ya Koti la Bluu

Kitinda mimba wangu,

Huku tu wazima, na rimoti bado tunaigombea. Ile mashine ya kurekodi niliyoiunda kwa kompyuta mbovu sasa inafanya kazi. Nimeiunganisha na king'amuzi, na kila jioni inakunasa ukisoma habari. Ina ukaidi mmoja tu: hurekodi chaneli ile ile iliyo kwenye king'amuzi. Juzi nilichungulia mpira kidogo, basi mama yako akaletewa kona na faulo katikati ya taarifa yako. Alininunia mpaka chai ikapoa.

Rekodi anayoipenda ni ile uliyovaa koti la bluu. Huirudia asubuhi na jioni. Ukisema, "Hamjambo," anakuitikia, "Hatujambo, mwanangu."

Jana hakuitikia. Alikutazama hadi mwisho, kisha akaniuliza, "Huyu binti ni wa nani? Mama yake ana bahati."

Nikamwambia, "Sana."

Najua kazi imekubana, wala sikuiti. Ila ukipata nafasi ya kuja, mwanangu, vaa lile koti.

Ni mimi baba yako, fundi asiye na cheti.