Jicho la Penseli

Jumatatu, 12 Februari 2024

Leo nimemuua babu yangu. Kwa kibodi.

Mstari wa 2317. Daftari la sensa la Lweba, kijiji cha ziwani Kongo, mwaka 1953. Wilondja wa Asukulu, mvuvi, mke mmoja. Pembeni mwa jina, duara dogo la penseli. Kazi niliyopewa ni rahisi: kila penye duara, naandika D kwenye kompyuta. D ni marehemu. Ndivyo kinavyosema kitabu cha Profesa Warnotte, ukurasa wa 41: wenye maduara ni wafu wa homa ya miaka ile. Kwa kitabu hicho yeye alipata uprofesa. Kwa kitabu hicho mimi nimepata nafasi ya kusoma hapa Ubelgiji, na chumba chenye kipasha joto.

Nikaandika D. Kisha mkono ukabaki palepale. Wilondja wa Asukulu wa Lweba ni baba wa baba yangu. Na baba alizaliwa 1962.

Nimehesabu mara tatu, kwa vidole, kama mtoto wa darasa la kwanza. Marehemu wa 1953 hazai 1962!

Kuna jingine, baya zaidi. Duara lile nalijua. Nimelichora mwenyewe miaka minne, bureau ya état civil ya Baraka, kwetu Kongo, tunapoandikisha vizazi na vifo, kabla ya kupewa ruhusa ya masomo. Tunaliita jicho. Sasa kwa nini tangu Oktoba nimeandika D, D, D? Kwa sababu Profesa alisema ni D. Na mimi, anachosema mkubwa, naandika.

Jumanne, 13 Februari

Nimempigia Papa Norbert, mkubwa wangu wa bureau. Alianza kwa kunichunguza.

— Sauti yako iko mwembamba. Kule banakukulisha nini?
— Viazi, Papa.
— Kila siku?
— Kila siku.

Akaguna kama mtu aliyeletewa habari ya msiba. Nikamuuliza kuhusu jicho. Akapandisha sauti.

— Nani alisema jicho ni kufa? Mufu tunamukata na mistari mbili ya rouge, wino nyekundu, na tarehe. Jicho ni muntu alivuka maji! Iko ngambo, iko muzima, usimufute. Siku atarudia, unafunga jicho, kamustari kamoja katikati. Mi mwenyewe nilikufundisha, Ketsia. Na mi nilifundishwa na mzee alishika bureau mbele yangu. Ulisahau?
— Sikusahau, Papa. Niliogopa.
— Uliogopa nini? Ule profesa wako alisha kufika Baraka hata siku moja?
— Hapana.
— Basi aogope yeye!

Ni rahisi kusema ukiwa Baraka. Hapa Profesa ndiye msimamizi wa tasnifu yangu, na ndiye mkuu wa jopo litakaloniuliza maswali Juni. Nikianguka, ufadhili umekwisha, na kibali cha kukaa kinafuata. Nitarudi na sanduku lilelile, watu wataniuliza cheti kiko wapi.

Lakini nikinyamaza — babu anabaki maiti kwenye kompyuta ya Wazungu. Yeye na wenzake wote wenye jicho, mia sita na kumi.

Alhamisi, 22 Februari

Nilikuwa na miadi na Profesa saa nane mchana. Nilifika dakika arobaini kabla, nikasimama kwenye korido nikisoma sentensi niliyoiandika kwenye karatasi. «Profesa, naomba kutoa maoni madogo kuhusu maduara.»

Alifika na kofia ya baiskeli kichwani. Ni mtu mwema, hapo ndipo ugumu ulipo. Aliuliza kazi inaendeleaje. Nikasema vizuri, Profesa. Aliuliza bado wafu wangapi. Nikasema kama mia mbili, Profesa. Alinipa chokoleti. Nikasema asante, Profesa.

Nikatoka.

Ile karatasi bado iko mfukoni.

Jumapili, 25 Februari

Karatasi imefuliwa pamoja na suruali. Imekuwa kama bugali kavu.

Tumepika na Umwali. Yeye anasomea afya ya jamii, chumba chake kinatazamana na changu. Ametoka milimani juu ya Fizi, kwa watu wa ng'ombe. Mimi mtu wa ziwani. Kwetu, miaka hii ya mapigano kati yao na sisi, labda tungepimana kila neno kabla ya kulitamka. Hapa, kwenye nyumba ya wanafunzi kumi na wawili, ni sisi wawili tu tunaolia tukinusa sombe, majani ya muhogo ya kwetu.

— Bugali hii iko uji, dada. Unaogopa hata unga?
— Wewe kunywa maziwa yako ya boksi ya karatasi, niache.

Nikamweleza yote. Akacheka mpaka akaweka mwiko chini.

— Kwa hiyo wewe unajua, yeye hajui, na wewe unamwambia ndiyo?
— Ndiyo.
— Umeona? Tena!

Kisha akawa makini. Alisema nisipeleke maoni, nipeleke karatasi. Watu wa hapa hawaikasirikii karatasi. Chuo kinalipia safari za utafiti, fomu zinafungwa Ijumaa. Ameijaza yeye, kwenye kompyuta yangu, huku akitafuna. Palipoandikwa «sababu ya safari» ameandika: kuhakiki alama za makarani. Mimi nimetia sahihi tu. Profesa naye atatia sahihi, kama anavyotia kwenye kila fomu, bila kuisoma. Namwomba Mungu asiisome. Namwomba Mungu aisome.

Jumatano, 17 Aprili. Baraka

Nyumbani! Bujumbura, Uvira, kisha barabara — mifupa yangu yote sasa naijua kwa majina. Ziwa limepanda, limekula nyumba za chini. Ndagala, dagaa zetu, ni zilezile. Nimekula mpaka mama akanitazama kwa huruma.

Bamama wa bureau walinizunguka, wakanigeuza huku na huku kama kitenge cha kununua.

— Ni hii tu? Ulaya yote, na hata mashavu haikuongezeka?
— Labda kule banakula vitabu.

Kesho Fizi, na Papa Norbert. Vitabu vya zamani vya sensa viko huko, makao ya territoire, yaani wilaya.

Alhamisi, 18 Aprili. Fizi

Lazima niandike taratibu.

Tulipanda kwa pikipiki moja, watu watatu, dereva mbele, Papa Norbert katikati amekumbatia mfuko wake wa mihuri. Pale kwenye stoo ya territoire kuna sanduku la bati. Tangu vita vya 1996 alikuwa akilificha chini ya magunia ya ndagala. Amelifungua leo, harufu ikatoka kabla ya vitabu.

Nilikuwa natafuta mifano. Ukurasa wowote wenye majicho, wenye tarehe, ambao naweza kuuonyesha. Kitabu cha 1997, Baraka, mtaa wetu. Nikapitisha kidole. Baba. Jicho. Mama. Jicho. Chini yao:

Ketsia, mwanamke, 1995. Jicho.

Katikati ya jicho, kamstari. Pembeni, kwa herufi ndogo: 2007.

Nilikuwa na mwaka mmoja tulipovuka kwenda Tanzania. Nimekulia kambini, Nyarugusu, miaka kumi na zaidi. Siku zote niliamini kwamba huku hapakuwa na mtu anayejua kuwa nipo. Kumbe nilikuwa kitabuni. Mwandiko naujua, ni ule uliosahihisha barua zangu miaka minne.

— Papa, huyu ni mimi.
— Ni wewe. Unazania ni nani?
— Hukuniambia kamwe.
— Hukuuliza. Ile mwaka batu balisema: Norbert, futa hawa bote, hawatarudia tena. Nikabaambia: wino ni ya Leta, ya serikali, penseli ni yangu.

Kisha akaniuliza kama ninalia au ni harufu ya ndagala. Nikasema ni ndagala.

Ijumaa, 19 Aprili. Baraka

Nakala iliyothibitishwa ya ukurasa wangu; nyuma yake Papa Norbert ameandika maana ya jicho na kutia sahihi. Amegonga muhuri mmoja. Akautazama. Akagonga wa pili. «Wazungu banapenda muhuri.» Akagonga wa tatu, kwa nguvu, meza ikaruka.

Jumatatu, 6 Mei

Nimeifanya.

D zote mia sita na kumi na moja nimezifuta. Mahali pake nimeweka V, yaani aliyevuka. Kisha nimewatafuta mmoja mmoja kwenye madaftari ya miaka iliyofuata. 388 nimewaona tena! Wameoa, wamezaa, wametozwa kodi, mmoja ameshtakiwa kwa kugombana na jirani yake Lweba. Marehemu anagombanaje na jirani? Walikuwa wamekimbia kodi na kulimishwa pamba, wakavuka, wakarudi. Babu alirudi 1958. Jicho lake limefungwa vizuri, nililiona mwezi wa pili nikadhani ni uchafu wa kalamu.

Umwali alisoma sura ya tatu ya tasnifu.

— Umeomba musamaha mara saba ku ukurasa moja.

Nimeondoa tano. Mbili nimeshindwa.

Nimeituma tasnifu kwa Profesa saa nne asubuhi. Alijibu saa kumi jioni. Mstari mmoja: «Nimesoma. Tutazungumza mbele ya jopo.»

Nimeusoma mara hamsini. Hata nukta yake ya mwisho inanitisha.

Jumatano, 19 Juni

Kesho. Shati limepigwa pasi mara mbili. Karatasi nakala tatu, mifuko mitatu tofauti. Umwali anasema nikizimia atanimwagia maziwa.

Alhamisi, 20 Juni

Ilikuwa saa nne asubuhi. Watu wanne nyuma ya meza, Profesa katikati. Umwali safu ya mwisho, amevaa kitenge kama mtu anayekwenda harusini. Nilisoma maelezo yangu bila kuinua macho. Kisha maswali.

Profesa alikuwa wa kwanza. Alisema kitabu chake kimesomwa miaka ishirini. Alisema habari ya babu yangu inagusa, lakini babu mmoja si ushahidi, na wale 388 huenda ni watu wengine wenye majina yaleyale. Je, nina karatasi yoyote ya makarani wenyewe inayoeleza alama hii?

Nikanywa maji. Nikasikia kiti cha safu ya mwisho kikilia, nikajua ni Umwali anasogea mbele. Nikatoa nakala yenye mihuri mitatu, nikaionyesha ukutani, kubwa.

Nikasema: Huu ni mtaa mmoja wa Baraka, mwaka 1997. Karani aliyeuandika yuko hai, na maelezo yake yapo nyuma, yana sahihi. Tazameni mstari wa tisa. Mtoto wa kike, amezaliwa 1995. Ana duara. Kwa ukurasa wa 41 wa kitabu chako, Profesa, mtoto huyu alikufa.

Nikasubiri kidogo. Sijui nani alinifundisha kusubiri.

— Mtoto huyu ni mimi.

Kisha mama mmoja wa jopo, aliyetoka chuo kingine, akacheka kwa sauti, akaziba mdomo. Profesa alivua miwani. Akasimama, akazunguka meza, akaenda mpaka ukutani. Akaweka kidole juu ya jina langu.

Aliuliza mstari wa katikati ni nini.

— Ni mwaka niliporudi.

Alibaki palepale, mgongo kwetu. Aliuliza tena, taratibu, si kama mtahini: wale mia sita na kumi na moja, wote? Nikamwambia hapana. Waliorudi nimewaona 388. Waliobaki sijui. Hao nimewaachia jicho wazi.

Akasema: «Ndiyo.» Yeye! Akaniambia mimi ndiyo!

Walitutoa nje dakika ishirini. Wakaturudisha. Grande distinction, daraja la juu. Wote wanne. Profesa alinipa mkono, ulikuwa baridi kuliko wangu. Alisema ana kitabu cha kusahihisha na angependa msaada.

Koridoni Umwali akapiga vigelegele. Nikampokea. Milango mitatu ikafunguka, mzee mmoja akauliza kama kuna moto unawaka. Ndiyo, bwana, unawaka! Nilipiga kelele, mimi Ketsia, kwenye jengo ambalo mwaka mzima nimetembea kwa ncha za vidole!

Nilimpigia mama simu. Nilisikia tu watu wa mtaa wakiimba nyuma yake.

Jumamosi, 22 Juni

Barua ya Profesa imefika jana. Toleo jipya la kitabu, majina mawili kwenye jalada. Na nafasi ya udaktari, miaka minne. Anaomba jibu Jumatatu. Nimeisoma mara moja tu. Mara moja ilitosha.

Ruhusa yangu ya Baraka inakwisha tarehe moja Septemba.

Asubuhi hii, ujumbe wa sauti kutoka bureau. Kwanza ni kelele za bamama: «Docteur Mashavu!» Nani aliwaambia docteur? Kisha mlango ukafungwa, Papa Norbert akakohoa.

— Ketsia, mutoto yangu. Tumesikia, tumefurahi, nimegonga meza na muhuri bila karatasi. Sasa kitu kimoja. Siku uliondoka, nilikuwekea jicho mu kitabu ya bakarani. Penseli, si wino. Mwezi wa tisa watu ya Fizi watakuya kukagua, na watatafuta namna ya kukufuta. Mi niko hapa. Nifunge, ao niache wazi? Useme tu. Yote mbili ni muzuri.

Nimesikiliza mara nne. Niko mezani, madaftari yangu pembeni, jua limeingia mpaka kitandani. Umwali yuko jikoni, anapika sombe ya sherehe, anaimba vibaya.

Si woga. Woga naujua, tumekaa pamoja miaka mingi. Hiki ni kitu kingine, kikubwa, kinakaa kifuani na hakiniambii nikimbie.

Nimebonyeza kurekodi. Nikaacha. Nimebonyeza tena.

«Papa Norbert, aksanti sana. Chukua penseli —»

Nimeachia kidole. Simu inauliza: kutuma au kufuta? Umwali anaita sombe inaungua, Docteur, unakuja au huji, na mimi naandika haya kwa mkono mmoja, wa pili umeshika simu, kidole juu ya «kutuma».