Mjomba Valko Ana Uso wa Mwenye Bucha

Shangazi Vesela mpendwa, kila wiki nasoma ushauri wako gazetini, leo nakuomba unisaidie mimi upesi, maana zimebaki wiki mbili kufika sikukuu ya Mtakatifu Georgi na siku hiyo nitaumbuka mbele ya meza nzima.

Naitwa Snezhana, nina miaka hamsini na mitatu, ni mpishi wa chekechea hapa Sevlievo, na tangu nilipopasuliwa goti na kukaa nyumbani miezi mitatu nimenogewa na kazi ya kufinyanga sanamu ndogo za askari, usicheke Shangazi, natengeneza mifupa kwa waya, nanenepesha kifua kwa karatasi ya alumini ya jikoni, halafu juu yake nabandika udongo wa plastiki, ule usiokauka mpaka uuoke, na vifungo vya koti nachora kwa sindano ya kushonea. Nimejiunga hata na chama cha watu wa kazi hii, wanaume kumi na mmoja na mimi, kila Alhamisi wanakaa nyuma ya maktaba kubishana juu ya mikanda na buti, na mwanzoni waliniita Mama Keki lakini siku hizi wananiuliza mikunjo ya nguo naifanyaje.

Sasa mwaka huu nilitaka kumtengeneza askari wa miguu wa vita vya mto Drava, vile vya mwishoni mwa Vita Kuu ya Pili, kijana tu asiye na jina, koti refu la sufu, bunduki begani, matope mpaka magotini, na kila kitu kilikwenda vizuri isipokuwa uso, kwa sababu mimi nikifinyanga uso bila kumtazama mtu hutoka uso wa mama yangu mzazi, nina askari wanne kabatini na wote ni mama amevaa kofia. Ndipo nikaanza kumwangalia Genadi mwenye bucha. Ana taya zuri, nyusi nzito, pua iliyovunjika ikaunga upande, nikawa kila Jumamosi nasimama kwenye foleni ya nyama ya kusaga namkariri, nikirudi nyumbani naongeza kidogo hapa, napunguza pale, nikamwondolea miaka thelathini na kitambi, na baada ya miezi minne alikuwa yeye kabisa.

Nikamwoka nusu saa katika oveni, nikamweka dirishani apoe, nikaenda kuanika nguo. Niliporudi nilimkuta mama mkwe wangu, Mama Tsonka, tunayeishi naye, ameketi mbele yake ameshika kilemba chake mkononi. Ana miaka themanini na sita, miguu haimpeleki tena hata dukani, na kwa miaka ishirini na sita ya ndoa yangu hajawahi kunisifia kitu, hata supu. Akasema, "Huyu ni Valko."

Valko alikuwa kaka yake mkubwa. Alikwenda vitani Mama Tsonka akiwa na miaka saba, akauawa huko Drava, na picha yake moja iliyokuwapo mama yao alizikwa nayo. Nilijua hadithi hiyo lakini naapa sikuwa naifikiria. Akaniuliza nimemwona wapi, na mimi, Shangazi, badala ya kusema nimemwona kwenye foleni ya nyama, nikasema, "Alinijia tu mikononi, mama."

Tangu siku hiyo askari wangu yuko kwenye rafu pembeni ya ikoni, ile picha takatifu ya nyumbani, anawashiwa mshumaa, anasimuliwa habari za mvua na bei ya mbegu za nyanya, na mimi naitwa "binti yangu", mimi niliyekuwa naitwa "wewe". Nikipika maharage anasema yana ladha. Majirani wameletwa kumwona, na bila kitambi na ile miaka thelathini hakuna aliyemtambua Genadi. Mume wangu Plamen nilimweleza ukweli, akatafuna, akameza, akaniambia niache, mama ana furaha, udongo ni udongo. Nami ningeacha, lakini sasa Mama Tsonka amempigia simu dada yake Nedka huko Lovech, mwenye miaka tisini na moja na akili kama wembe, aje kwa sikukuu amwone kaka yao. Nedka alikuwa na miaka kumi na miwili Valko alipoondoka. Atagundua kwamba huyu si Valko kabla hajavua koti.

Nimefikiria kumwangusha kwa bahati mbaya wakati wa kufuta vumbi. Nimefikiria pia kumkwangua uso kwa siri, nibandike mwingine na kumwoka tena, lakini uso wa nani, Shangazi, na nitafikirije wakati hata usingizi sipati?

Snezhana, Sevlievo

*

Snezhana, mpishi wa watoto,

Kwanza nikuulize: mumeo anajua kwamba umemtazama mwanamume mwingine miezi minne kwa makini kiasi hicho? Ningekuwa Plamen nisingetafuna kwa utulivu hivyo.

Nimecheka, sikufichi, halafu nikaacha kucheka nilipofika kwenye kile kilemba mkononi. Kufinyanga uso wa mwenye bucha si kosa. Watu wa kazi yako lazima wamtazame mtu fulani, na heri Genadi kuliko mama yako mara ya tano. Kosa lako ni maneno manne, "Alinijia tu mikononi, mama." Ulikuwa na njaa ya sifa ya miaka ishirini na sita, ukatupiwa mkate, ukauma kabla ya kuuliza ni wa nani. Ninakuelewa. Hata hivyo mkate ule ni wa mtu mwingine, na mwenyewe amelala Drava.

Plamen wako anasema udongo ni udongo. Mwambie Shangazi amesema hivi: mtu anayewashiwa mshumaa si udongo tena, na mama anayedanganywa ili nyumba itulie hajapewa furaha, ametulizwa tu kama mtoto wa chekechea.

Njia ya mwongo ni fupi, na yako inaishia kwenye kituo cha basi la kutoka Lovech. Usimsubiri Nedka aseme yeye. Itakuwa aibu ya nani? Yako kidogo, ya Mama Tsonka kubwa, kwa sababu atakuwa ameonekana mbele ya dada yake na majirani kuwa amemsahau kaka yake mwenyewe.

Kwa hiyo sikia. Usimwangushe. Mtu aliyevunja kitu makusudi huonekana usoni, na wewe nyuso unazijua. Usiwashe oveni kwa siri. Kesho asubuhi, akishamaliza kahawa yake na kabla ya dawa, keti karibu naye, usisimame, mwambie kwa sentensi moja kwamba uso huo ni wa Genadi na kwamba ulidanganya kwa sababu ulipenda kuitwa binti. Usianze kumfundisha habari za waya na alumini. Akikukasirikia, kubali. Akikuita tena "wewe", itika. Halafu muulize jambo ambalo hakuna aliyemuuliza nyumbani humo, kwamba Valko alikuwaje, na uwe na udongo mbichi mezani.

Kuhusu Genadi, asijue kamwe. Mwanamume akisikia amekuwa shujaa wa vita, nyama itapanda bei mji mzima.

Nakutumia majibu haya kwa posta leo hii, kwa sababu gazeti halitawahi sikukuu. Utaniandikia.

Shangazi Vesela

*

Shangazi Vesela,

Nilimwambia. Alinisikiliza mpaka mwisho, akaniomba nimwondoe askari kwenye rafu, na kwa siku mbili hakunisemesha, chakula alikuwa anapelekewa na Plamen. Siku ya tatu alikuja jikoni mwenyewe, kwa fimbo yake, akaketi mbele ya udongo na kusema masikio ya Valko yalikuwa yamesimama. Nikafinyanga masikio. Akasema kidevu kilikuwa na kishimo. Nikatia kishimo. Nilipofika puani akawa anaangalia mikono yangu tu, na mwishowe akasema polepole, "Siikumbuki. Nimekwisha kumsahau, na nilikuwa naogopa kufa hivyo. Ndiyo maana nilimchukua huyo wako."

Nilimshika mkono, Shangazi, na udongo wangu wote vidoleni, naye hakuutoa.

Nedka alifika siku ya sikukuu. Tulimweleza kila kitu kabla hajakaa. Akaomba miwani, akakichukua kichwa kilichokuwa bado kibichi, akasema masikio sawa, kidevu sawa, lakini pua ilikuwa ndefu kama ya baba yao. Mama Tsonka, aliyekuwa haikumbuki hata kidogo, ghafla akakumbuka kwamba haikuwa ndefu bali pana. Walibishana mpaka mwanakondoo wa kuchoma wa sikukuu akapoa mezani. Pua hiyo nimeivuta, nimeibana, nimeikata mara saba, Plamen amekimbilia gereji. Jana mama mkwe aliniambia, "Wewe binti, usimsikilize huyu, yeye alikuwa haoni vizuri tangu utotoni."

Nedka alikuwa arudi Lovech Jumatano. Bado yuko hapa, amesema haondoki mpaka pua ikubaliwe, na mimi oveni sijaiwasha.

Snezhana