Namba ya Pili

Makoko, Musoma
14 Septemba 2025

Mpendwa mdogo wangu Recho,

Habari za Mtwara? Kifua kimepona, au bado unakohoa na kusema ni vumbi? Mimi mzima wa mwili. Nyumba ndiyo imekuwa kubwa mno. Napika sato mmoja, namla siku mbili.

Unajua natunza kompyuta yenye mafaili ya wagonjwa wa zahanati zetu tatu, Musoma, Bunda na Butiama. Naiendesha kupitia ukurasa wa mtandaoni, na ukurasa huo nimeuongezea kufuli: ukishaandika neno la siri, unaletewa tarakimu sita kwenye simu.

Sasa, simu yangu ikitumbukia ziwani nitaingiaje? Bosi wetu Alfonce alitaka tuache mlango wa nyuma, wa neno la siri peke yake. Nikamuuliza, basi kufuli la mbele la nini? Kuandika tarakimu za akiba karatasini pia nilijaribu. Droo ya ofisini kila mtu ana ufunguo wake, na karatasi ya nyumbani ililiwa na mchwa.

Ikabaki namba ya pili ya simu. Nilikuwa nimeweka ya shemeji yako Stanslaus, na alipofariki sikuitoa. Sikuweza, Recho. Wiki jana nikaipiga, kujaribu tu, na ikapokelewa. Nikajikuta nimemwita Stanslaus.

“Huyo siyo mimi, dada,” mwanamke akasema. “Niko Bunda, hii laini nimeisajili tangu Pasaka. Watu wananipigiaga wakimuulizia.”

Nikamshukuru, nikakata, nikalia pale pale ofisini. Kumbe miezi yote hiyo tarakimu za kufungulia mafaili ya wagonjwa wetu zingeweza kwenda kwa mtu nisiyemjua, kwa sababu ya moyo wangu tu.

Jana nimeifuta. Kompyuta ikauliza kama nina hakika. Nikaweka yako.

Ukiletewa tarakimu, usizitume kwa meseji. Subiri nikupigie, unisomee. Na usimsomee kila anayejiita Schola. Niulize kwanza mbwa wa babu kule Butiama tulimwitaje. Nikikosea, kata.

Msalimie shemeji Gasper na mwambie mwanenu Debora kuwa shangazi yake wa Kigera, Boke, anamuulizia. Mungu awalinde, na simu yako isikose chaji.

Kuna siku nitakupigia hata kama hakuna kilichoharibika. Niulize tu jina la mbwa.

Dada yako akupendaye,
Scholastika