Mududu Wako Mwenye Shingo Nyembamba

Kaka Bahati,

Wewe umelala Masisi, chini ya migomba ya mama yako. Mimi ningali huku Kibua, na mke wangu ametuma neno: nikikawia tena, atavuna maharagwe peke yake na kuyala peke yake.

Tangu ulipotuacha, Bwana wa wadudu, yule anayewakusanya, amenipa kazi yako. Ni kama kumpa mbuzi alinde mihogo. Unanijua: miaka yote mimi nilichimba mashimo ya mikebe ya kunasia wadudu, ni wewe njo uliwatambua walioanguka ndani. Sasa anaweka foto mezani, anaweka mududu pembeni, ananiuliza, "Iko huyu?" Kaka, kwa foto wote ni weusi, na wote wananitazama vibaya.

Ulikuwa ukiniambia, "Wacha rangi, muntu wangu. Rangi ni nguo tu. Tazama shingo, hesabu mistari ya mgongo." Ile siku ulimkatalia Bwana: huyu mwenye shingo nyembamba haiko yule wa foto. Bwana alicheka. Na mimi... nilicheka pamoja naye. Ulipangusa lupe yako, kile kioo kidogo cha kukuzia vitu. Homa ikakuchukua kabla sijaomba radhi.

Jana Bwana aliniita. Foto ile ile, mududu yule yule. "Ukisema ni sawa, tunafunga masanduku. Kesho unaenda kwenu."

Kesho, Kaka!

Nikashika lupe yako. Shingo, nyembamba. Mistari, saba; kwa foto, tisa. Nikahesabu tena nikiomba Mungu nikosee, maana hesabu ni kitu ninachokosea vizuri sana. Saba. Nikajaribu kuinua bawa lile gumu la juu. Halikuinuka, limeshikana na mwenzake, kama ulivyosema. Huyu hawezi kuruka hata ukimfungulia anga lote.

Nikasema, "Bwana, haiko huyu. Bahati alisema kweli."

Safari hii hakucheka. Aliinama juu ya lupe mpaka chai yake ikapoa. Halafu akasema mududu huyo hana foto popote, anataka wengine kama yeye, tuchimbe tena mpaka mvua iishe.

Basi nimo. Miaka yote nachimba mashimo, leo nimeangukia langu.

Lakini siku nitakayotoka, nitapitia kwa mama yako kabla ya kwangu. Mke wangu atanisamehe, ao hapana. Nitasema mbele ya watu wote kwamba uliona vizuri, na kwamba mimi nilicheka.

Pumzika, Kaka. Lupe naipangusa kila asubuhi.

Mchimba mashimo wako,
Sebastiani