Kilio ya Muntu Mwenye Kula Bukari

Jumanne, magaribi

Mama alikuwa amekwisha kutoa viti ya kilio inje, bamama bajirani bameanza kulia. Yote juu ya lien, kiungo ya kufinya mu simu, yenye ilipita mu groupe ya korali: «Treni ya Sakania imeanguka, ona maiti mu video.» Yaya yangu Ilunga, kaka yangu mukubwa, anatumikaka kazi mu ile treni.

Nilifinya ile lien. Hakuna video. Ikaniomba kwanza mot de passe, neno yangu ya siri. Ya nini, kama ni kuonyesha maiti tu? Nikafunga, nikaita Yaya kwa simu.

Akaitika na bukari, ugali yetu, mu kinywa. «Nani amekufa?»

«Ni weye.»

Akacheka. Mi njo nikalia, mara ya kwanza leo.

Viti iko bado inje. Mama anakatala kuiingiza: bamama balilia bure, bakule kwanza.