Git pull na ng'ombe mwenye majina mawili

Jumamosi, Bariadi. Mvua inanyesha tangu asubuhi, na hata wauza dagaa wa mtaani kwetu wamenyamaza. Umeme upo, bando lipo, uji upo mezani. Sina kisingizio.

Shajara yangu, leo ilibidi nivute kazi ya kaka Masanja kwenye kompyuta yangu. Nimekuwa nikiikwepa wiki nzima.

Mimi na Masanja ni baba mmoja, mama mbalimbali. Yeye ni wa mama mkubwa, mke wa kwanza wa baba, anaishi Malampaka; mimi niko hapa mjini. Tunatengeneza programu ya simu ya ng'ombe wote ambao baba amewahi kufuga: rangi, pembe na jina la kila mmoja, ili wajukuu wawajue. Baba yuko Mwamapalala na mifugo yake. Anamsimulia kila mmoja wetu kwa wakati wake, kila mmoja anaandika kwake, halafu git, programu ya kutunza na kuunganisha kazi za watu wengi, inatukutanishia kazi.

Tatizo ni kwamba Masanja anaamini mzee ameanza kusahau. Anataka kumhamishia kwake, na ng'ombe wauzwe. Tulikubaliana kwamba masimulizi yakianza kupingana, sitabisha tena.

Baba asiye na ng'ombe simjui, na sitaki kumjua.

Nikaandika git pull, amri ya kuvuta kazi ya mwenzako. Ikagoma. Ikasema kazi zetu zimeachana njia, na kwamba sijawahi kuiambia izikutanishe vipi. Ikanipa njia tatu. Ya kwanza, kila kazi ibaki ilivyo, halafu ziungwe zinapokutana. Ya pili, kazi yangu ing'olewe na kupandwa upya juu ya kazi ya Masanja, historia inyooke kama mstari mmoja. Ya tatu ni kukataa tu pale zinapoachana, na hapo tungekaa mpaka kiama.

Mtoto wa Kisukuma niliyelelewa kwa adabu, mkono ulienda kwenye ya pili wenyewe. Kaka atangulie, mimi nifuate. Nilishaandika nusu ya amri ndipo nikasita. Kwa njia hiyo, atakayesoma historia ataona baba alisema jambo kwa Masanja, kisha akaja kwangu akaligeuza. Wakati ukweli ni kwamba alimsimulia kila mtu mahali pake, na hakuna aliyemsikia mwenzake.

Nikaandika git config pull.rebase false, yaani njia ya kwanza. Nikavuta tena.

Mgongano.

Mstari mmoja tu, wa ng'ombe mwekundu mwenye nyota usoni. Kwangu jina lake ni Mbula, yaani mvua. Kwa Masanja ni Limi, yaani jua. Git iliyaweka majina yote mawili, moja juu ya jingine, kisha ikasimama kunisubiri. Haikufuta la mtu. Nilishangaa kwamba kitu kisichojua ng'ombe ni nini kinaweza kuwa na subira kiasi hicho.

Halafu nikalia, maana mvua na jua si jina moja. Nikajua baba anahamishwa.

Nikapiga simu. Laini ya kwanza ikagoma, nikahamia ya kampuni nyingine.

"Mwadila, baba," nikamsalimia.

"Mwadila, mayu," akaitikia; mayu ni mama, ndivyo anavyoniita mimi bintiye. "Huko imenyesha?"

Nikamwambia imenyesha. Nikamuuliza yule mwekundu mwenye nyota aliitwa nani.

"Kwenu aliitwa Mbula," akasema bila hata kufikiri. "Maziwa ya jioni yalikuwa ya mama yako. Asubuhi alikamuliwa nyumba ya mama mkubwa, na kule wakamwita Limi. Ukimwita la kwenu kule, ulikuwa hupewi hata tone."

"Sasa mbona Masanja ulimwambia Limi tu?"

"Masanja si wa nyumba ile? Nimwambie la kwenu la nini?" Akacheka mpaka akakohoa.

Nilikunywa maziwa ya ng'ombe yule utoto wangu wote, na sikujua kwamba ng'ambo ya uwanja, nyumbani kwa mama mkubwa, ana jina jingine.

Nimeyaacha majina yote mawili, nikahifadhi. Nikaitazama historia: mistari miwili kutoka shina moja, ikaachana, ikakutana tena. Kisha nikampigia Masanja, nikamweleza alichosema baba.

"Basi mzee abaki na ng'ombe wake," akasema.

Naishangaa git, sikatai. Lakini baba alivuka uwanja ule asubuhi na jioni miaka yote, majina mawili kichwani kwa kila mnyama wa pamoja, na hakuwahi kukosea mlango. Watoto wake tukadhani anasahau.

Ana mangapi ambayo kila mmoja wetu ameambiwa nusu?

Kesho mvua ikikatika naenda Mwamapalala. Safari hii nitakaa upande wa nyumba ya mama mkubwa, nimwombe baba anisimulie ng'ombe wale wale upya.