Sauti ya Mama Ukumbini

3 Machi

Kwa kitindamimba wangu,

Hujambo? Mimi mwili mzima, roho ndiyo inachemka. Nakuandikia kwa kalamu kwa sababu kwa simu sitakutumia tena ujumbe wa sauti, usije ukanitia kwenye filamu nyingine.

Jana namsuka mteja, akafungua simu kutazama filamu yako fupi ya ugomvi wa wazazi na watoto. Nikasikia sauti yangu mwenyewe: "Huna haya! Usinikanyagie mlango wangu!" Saluni nzima ikanigeukia. Mteja akaondoka nimemsuka nusu kichwa. Ondoa sauti yangu kabla filamu haijaonyeshwa ukumbini.

Mama yako

9 Machi

Mama,

Shikamoo. Afya naona unayo, nguvu za kugomba hazijapungua.

Mwigizaji niliyempata alikuwa mpole mno, hakuna aliyemwogopa. Nilipoweka sauti yako, kila aliyetazama aliruka kitini. Maneno ni yako, sikukuwekea mdomoni. Siondoi.

Mwanao

14 Machi

Wewe,

Salamu leo sina. Nilisema, sikatai. Mbona umenikatiza katikati? Kila nilipomaliza kukufokea, niliongeza neno. Au hukuwahi kufika huko? Nakujua, ukianza kufokewa tu unazima.

Mama

22 Machi

Mama,

Shikamoo. Naomba uwe mzima kuliko mimi.

Nimejifungia chumba cha kuhariri, nimesikiliza zote mpaka mwisho. "Umekula lakini?" "Kile kikohozi umekwenda kukionyesha?" "Ufunguo uko chini ya ndoo ya mlangoni." Ni kweli, nilikuwa nazima. Nimerudisha yote kwenye filamu. Jana ukumbini watu walilia, Mama. Natumaini umeridhika.

Mwanao

30 Machi

Mwanangu,

Hujambo? Kikohozi je?

Nimeambiwa walilia. Sasa nikipita sokoni, watu nisiowajua wananiuliza kama umekula, halafu wanacheka. Nimeona aibu kuliko siku ile ya saluni.

Matusi ungeyaacha tu humo kwenye filamu, hayo hata jirani aliyasikia ng'ambo ya ukuta. Yale ya mwisho nilikuambia wewe peke yako. Umeyasikia leo, kesho umeyapeleka ukumbini, na mimi hujanijibu hata moja. Mpaka sasa sijui kama umekula.

Ufunguo nimeuondoa chini ya ndoo, maana mji mzima unajua ulipo. Ukija, bisha hodi kama wageni wengine.

Mama